Kwenda Makumbusho ya Majimaji, Songea: Jinsi ya Kuipanga Safari Wewe Mwenyewe

Wengi wetu Vita ya Majimaji tuliijua darasani: Kinjikitile, maji ya dawa, risasi kugeuka maji, kisha mtihani. Songea vita hiyo ina makaburi. Ina majina ya watu, na ina vitukuu wao wanaoishi mitaa ya jirani na kufika pale kila Februari kuweka maua. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kudai uhuru wa Tanganyika, aliwakumbusha wajumbe kwamba watu wake walishapigana na utawala wa kigeni kabla TANU haijazaliwa. Baadhi ya watu hao wamelazwa hapo.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayetaka kwenda kwa miguu yake, bila kampuni ya utalii: mzazi mwenye watoto wa sekondari, mwalimu, kijana wa Dar es Salaam mwenye likizo ya wiki moja, Mtanzania wa ughaibuni aliyerudi kusalimia na kubakiwa na siku chache. Safari ni ndefu, gharama yake inavumilika, na inahitaji maandalizi ya aina moja ambayo watu wengi huyaruka. Ninaanza na hayo.

Hatua ya kwanza: soma kabla ya kukata tiketi

Makumbusho yenyewe si makubwa. Anayeingia bila kujua lolote huyamaliza kwa nusu saa, akatoka akisema ameona sanamu na picha za zamani. Wanaotoka pale wakiwa kimya ni wale walioingia wakijua wanakwenda kwa nani. Tenga jioni mbili tatu usome.

Anzia kwenye pamba. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya vijiji chini ya majumbe, na kila mtu akatakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Siku zikazidi, viboko vikazidi, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Julai 1905, huko Nandete kwenye milima ya Umatumbi, watu waliingia shambani wakang'oa mipamba. Vita ikawa imetangazwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji, mtama na mafuta ya nyonyo iliwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa hayajawahi kusimama pamoja, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Alikufa kabla vita haijafika Songea. Wageni wengi humtafuta Kinjikitile Songea kwa sababu ndilo jina pekee wanalolijua. Songea ina watu wake.

Watu hao ni Wangoni na waliokuwa chini yao. Soma kidogo walikotoka: kundi la Zwangendaba lililotoka kusini mwa Afrika, likavuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Vizazi vilivyofuata vilifika Ruvuma na kujenga falme mbili, Njelu na Mshope. Wakati wa vita, Nkosi (yaani mfalme) Mputa Gama alitawala Njelu na Nkosi Chabruma alitawala Mshope. Chini yao walikuwapo manduna, yaani wakuu wa majeshi na maeneo, na mmoja wa manduna wa Mputa alikuwa Songea Mbano, aliyeupa mji jina lake.

Sababu za Wangoni kuingia vitani zilitofautiana na zile za Wamatumbi. Hapa hapakuwa na habari ya pamba. Palikuwa na boma la Kijerumani tangu 1897, palikuwa na kodi, na palikuwa na watawala waliozoea kuamuru ambao sasa waliamriwa na kuchapwa mbele ya watu wao. Mmisionari mmoja alikuwa ameichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, mahali pa kuombea mizimu ya wazee wake. Jambo hilo moja linakufungulia mengi ukisimama mbele ya sanamu yake.

Halafu soma jambo ambalo vitabu vya shule huligusa kwa mstari mmoja: njaa. Baada ya vita vya uwanjani kushindwa, wapiganaji waliingia porini wakapigana kwa kuvizia. Jeshi la Gavana von Götzen likajibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mashamba yaliyokuwa hayajavunwa. Kapteni mmoja wa Kijerumani aliandika waziwazi kwamba ni njaa na ufukara tu ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Wajerumani wenyewe walihesabu Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wanakadiria hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa wala si risasi. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

Ukishindwa kusoma yote, kariri angalau majina manne: Mputa, Chabruma, Songea Mbano, na Mkomanile. Huyo wa mwisho alikuwa mwanamke na nduna. Ndiye aliyempokea mjumbe aliyeleta maji Ungoni, na alinyongwa pamoja na wanaume. Watoto wa kike wanaokwenda Songea wanastahili kusimuliwa habari zake kabla ya kupanda basi.

Hatua ya pili: chagua mwezi

Tarehe 27 Februari 1906 ndiyo siku wapiganaji 67 waliponyongwa Songea, na ndiyo kilele cha kumbukizi ya kila mwaka. Siku chache kabla yake mji hujaa: kuna maonyesho, midahalo, ngoma ya lizombe, viongozi wa serikali, na koo za mashujaa wakiwa na mikuki na ngao. Siku yenyewe mashada ya maua huwekwa makaburini.

Ukienda Februari utaona kitu ambacho hukioni mwezi mwingine wowote, yaani watu wa damu ya waliolala pale wakiwalilia kama msiba wa mwaka jana. Lakini ujue unachokubali. Nyumba za wageni hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema. Mvua ni nyingi. Na hutapata nafasi ya kusimama peke yako popote, wala wahifadhi hawatakuwa na muda wa maswali yako.

Kama ni mara yako ya kwanza na unataka kuelewa, mimi nakushauri uende kati ya Juni na Oktoba. Mvua hakuna, barabara ni nzuri, na siku ya kazi asubuhi unaweza kukuta wewe na familia yako ndio wageni pekee. Kisha, ukipenda, rudi Februari. Kumbukizi ina uzito mkubwa zaidi kwa mtu anayejua tayari kila kaburi ni la nani.

Hatua ya tatu: chagua njia

Kutoka Dar es Salaam kuna njia mbili za barabara, na kila moja inakusimulia sehemu yake ya habari.

Njia ya kawaida inapitia Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Njombe. Ni kama kilomita 950. Mabasi huanzia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri, na safari huchukua siku nzima hadi usiku. Panda basi la mapema kuliko yote. Mlima Kitonga na kona za Lukumburu, baada ya Njombe, ni bora uzipite na mwanga wa jua.

Mwenye nafasi avunje safari Iringa alale usiku mmoja. Kabla hujafika mjini, karibu na barabara kuu, kuna mnara wa Lugalo, mahali Wahehe wa Mkwawa walipolipiga jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Zelewski Agosti 1891. Kisha asubuhi nenda Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini, ambako kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Usilipite hivi hivi. Liangalie, kumbuka mwaka liliporudi, na ubebe kumbukumbu hiyo hadi Songea. Utakapofika kwenye kaburi la Songea Mbano utaona kwa nini nimekwambia hivyo. Jambo jingine la kukumbuka ukiwa Kalenga: Wahehe hawakujiunga na Majimaji. Walikuwa wamevunjwa miaka saba kabla, na baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Historia ya nchi hii haikunyooka, na mtoto akiambiwa hivyo mapema haimdhuru.

Njia ya pili ni ya kusini: Kibiti, Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, Nangurukuru, Lindi, Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea. Hii ndiyo njia ya vita yenyewe, kwa maana unafuata kwa jumla mwelekeo ambao maji yalisafiri kutoka Rufiji na Umatumbi kwenda kusini na magharibi. Ni ndefu zaidi, mabasi ya moja kwa moja ni machache, na itakubidi ulale Masasi au Tunduru. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara, hasa eneo la Somanga, ambako mafuriko yameshawahi kukata mawasiliano. Kwa mwenye gari lake na siku za kutosha, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: unakwenda kwa kupita Umatumbi, unarudi kwa kupita Iringa, na umeizunguka nchi ya vita yote.

Ndege zipo pia kati ya Dar es Salaam na Songea. Zinafaa kwa wazee na kwa mwenye haraka.

Hatua ya nne: vitu vya kubeba

Songea iko juu, na Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli. Beba sweta hata kama unatoka Dar. Februari beba mwavuli na viatu visivyoogopa tope.

Kitambulisho cha taifa kiwe karibu, kwa sababu kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Weka pesa kwenye simu, maana malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya malipo, na beba noti ndogo za bajaji na chakula. Chukua daftari na kalamu. Nguo ziwe za heshima, zile ambazo ungevaa kwenda kuhani msiba. Mwanamke abebe khanga au kitenge.

Kama unataka kuweka maua, yatafute siku moja kabla. Usitegemee kuyapata asubuhi hiyo hiyo.

Hatua ya tano: ndani ya uwanja wa makumbusho

Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yako eneo la Mahenge, karibu na katikati ya mji. Stendi kuu iko pembeni, kwa hiyo ukishuka chukua bajaji au bodaboda, na sema tu "Makumbusho". Kila dereva anapajua. Tangu 2010 yamekuwa chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, hivyo utamkuta mhifadhi na waongozaji wa kuajiriwa. Lipa kiingilio, andika jina kwenye kitabu cha wageni, na omba mwongozaji. Usizunguke peke yako mara ya kwanza.

Sasa nisikilize kuhusu mpangilio. Kwa kawaida mgeni huanzia ndani, kwenye silaha na picha, akamalizia makaburini akiwa amechoka na jua limekuwa kali. Mwombe mwongozaji muanze nje. Mwambie, "Shikamoo, tumekuja kuwasalimia wazee kwanza." Ataelewa. Huko kwetu hakuna anayefika kwenye nyumba ya wafiwa akaanza kuangalia vyombo sebuleni.

Utafika kwenye kaburi la halaiki. Humo wamelazwa wapiganaji 66 walionyongwa. Fikiria ulivyokuwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Walikuwa gerezani, wakijua. Padre wa Kibenediktini aliingia akawabatiza baadhi yao, Nkosi Mputa akiwa mmoja wao, yule yule ambaye nyumba yake ya mahoka ilichomwa na mmisionari. Nimesimama pale nikijaribu kuelewa alikuwa anafikiri nini alipoinamisha kichwa kumwagiwa maji mengine. Sijapata jibu, na sidhani kama mtu mwingine analo. Kaa hapo. Soma majina yaliyopo kwa sauti, hata kama ulimi unayakosea. Kama mko na watoto, kila mmoja asome majina machache. Kati ya yote niliyowahi kuwafanyisha vijana kwenye safari za namna hii, hilo ndilo linalowatuliza na kuwaweka hapo walipo.

Kisha nenda kwenye kaburi la Songea Mbano, lililo peke yake. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza hai kwa sababu ya ushawishi wake, naye akakataa kuishi baada ya wenzake kunyongwa, akadai afe kama wao. Akanyongwa. Ukoo wake unasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na kwamba kilicholala hapo ni kiwiliwili. Sasa ile asubuhi ya Kalenga inarudi: Mkwawa alirudi 1954, na watu wa Mbano bado wanasubiri. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa hapa, akakutana na familia ya Mbano, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Muulize mwongozaji habari za karibuni za jambo hilo, kwa sababu linaendelea.

Tukio hili usilipitie kwa haraka ya kulaani upande mmoja. Aliyekaza kamba na aliyelinda gereza, kwa sehemu kubwa, alikuwa askari Mwafrika aliyeajiriwa na Wajerumani, wengine kutoka Sudani, wengine kutoka makabila ya ndani ya nchi hii. Katika vita yote hiyo walikufa askari Waafrika karibu 400 wakipigana upande wa serikali. Na Wangoni wenyewe, kizazi kimoja kabla, walikuwa wamewavamia na kuwateka majirani zao. Wandendeule na Wamatengo wana kumbukumbu zao. Mwongozaji mzuri atayasema haya ukimuuliza kwa heshima. Muulize.

Baada ya makaburi, zungukia sanamu za machifu na manduna zilizopangwa uwanjani. Mtafute Mkomanile. Kisha ndiyo uingie ndani kuona mikuki, ngao za ngozi, bunduki na picha. Ukiona picha ya wafungwa wakiwa na minyororo shingoni, angalia nyuso kabla hujaangalia minyororo. Kwenye picha za aina hiyo mpiga picha alitaka tuone minyororo.

Tenga saa tatu kwa yote haya. Zikibaki, kaa kwenye kivuli uandike ulichosikia kabla hakijachanganyika.

Kuhusu picha na adabu

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Nje kwa kawaida hakuna tatizo, ila kwa video ya kibiashara utahitaji kibali. Usipande juu ya kaburi, usiegemee sanamu, na usijipige picha ya kucheka ukiwa na kaburi la halaiki nyuma yako. Najua vijana hufanya bila ubaya wowote moyoni, lakini mzee wa ukoo akipita akakuona, umemkosea.

Wangoni wana utani na makabila mengi, na ukishatamka kabila lako mjini utataniwa hadi uondoke. Pokea, jibu, furahi. Makaburini, mwachie mwenyeji aanze.

Hatua ya sita: siku ya pili, nje ya makumbusho

Watu wengi hugeuza siku ile ile. Ukiweza, lala usiku wa pili, kwa sababu mandhari ya Songea yenyewe ni sehemu ya maonyesho.

Asubuhi panda Chandamali. Ni kilima chenye mawe makubwa pembeni ya mji, na wenyeji hukuonyesha pango ambalo Songea Mbano husimuliwa kujificha. Nenda na mwenyeji, kwa sababu ya njia na kwa sababu ya masimulizi. Kutoka juu unauona mji wote, na upande mwingine milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanzia. Ukiitazama nchi hiyo yenye mabonde na vichaka utaelewa kwa nini jeshi lenye bunduki za rashasha lilishindwa kuwamaliza watu kwa risasi likageukia chakula chao.

Mchana nenda Peramiho, kwa gari dogo la abiria linaloondoka mjini mara kwa mara. Misheni hiyo ya Wabenediktini ilianzishwa 1898 na ikachomwa moto na wapiganaji mwaka 1905. Mwanzilishi wake, Cassian Spiss, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliuawa Agosti mwaka huo karibu na Liwale akiwa na mabruda wawili na masista wawili. Kanisa kubwa unaloliona leo lilijengwa baadaye. Ingia, kaa kwenye benchi. Watu wa pande zote mbili za vita hii waliacha wafu, na ndani ya vizazi viwili wajukuu wa waliochoma misheni walikuwa wanasali humo na kuzaliwa katika hospitali yake. Mimi Mkristo na nimekwenda na rafiki Mwislamu. Tulizungumza kuhusu jambo hili njia nzima ya kurudi.

Mwenye gari anaweza kuongeza Lumecha, kwenye barabara ya Namtumbo, eneo ambako jeshi la Wajerumani liliivamia kambi ya Wangoni alfajiri moja ya Oktoba 1905. Hapo ndipo wengi walipoitupa ile dawa ya maji na kukimbia. Vita havikuisha siku hiyo. Chabruma aliendelea kupigana porini, akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, na huko akafia.

Jioni kula vizuri. Samaki wa Ziwa Nyasa hufika Songea: mbasa na dagaa. Ugali wa mahindi ya Ruvuma ni mtamu, na kahawa ya Mbinga ikipatikana usiikatae. Nataja chakula kwa makusudi. Mkoa huu ulioachwa na njaa ya 1906 na 1907 leo ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi, na kwenye barabara ya Njombe utapishana na malori yaliyojaa magunia.

Hatua ya saba: kama una damu ya huko

Hii inawahusu wachache, lakini kwao ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kama kwenu ni Ruvuma, Lindi, Mtwara, Pwani au Morogoro kusini, kuna uwezekano mkubwa mtu wa ukoo wenu alikufa katika vita hii, na wala hana kaburi linalojulikana. Waliokufa kwa njaa hawakuchongewa sanamu.

Kabla ya safari, kaa na mzee aliye hai. Usimuulize "unajua nini kuhusu Majimaji", kwa sababu atakujibu aliyoyasikia redioni. Muulize: babu yako alizaliwa wapi, kwa nini alihama, nani alimlea, kuna mwaka gani ambao wazee walikuwa hawapendi kuutaja? Muulize bibi kama kuna majani au mizizi ya porini ambayo mama yake alimwambia kuwa watu walikula wakati wa shida. Njaa ile imebaki kwenye majibu ya namna hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee waliokuwa hai wakati wa vita, na sehemu kubwa ya tunayoyajua yametokana na daftari zao. Wazee wale wote wameshaondoka. Waliobaki ni waliosimuliwa na wazee hao, nao wanazidi kupungua.

Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na mwache aseme kwa lugha ya nyumbani. Andika jina la anayesema, kijiji, na tarehe. Nakala moja ibaki kwenye familia. Nyingine ichukue ukienda Songea, umwombe mhifadhi aipokee, na umwachie namba yako ya simu. Kama jina la mtu wenu limo kati ya wale 67, mwambie pia mwongozaji wewe ni wa ukoo gani. Atakuunganisha na kamati ya wazee wanaoandaa kumbukizi, na Februari inayofuata utaitwa.

Basi za kurudi Dar es Salaam huondoka alfajiri sana. Kata tiketi jioni ya siku iliyotangulia, na panga kabisa na dereva wa bajaji akufuate ulikolala, kwa sababu saa kumi usiku si rahisi kumpata barabarani.